JIKO CHOMBONI: MAKAA YASIYO NA MOSHI HUUA PIA

Ndugu msomaji, kama wewe ni mvuvi au baharia, unaijua baridi ya kusi. Mwezi wa Juni na Julai upepo huvuma usiku kucha. Mawimbi hurusha maji na nguo hulowa. Mabaharia huingia chini ya turubai pamoja na jiko la mkaa. Hunywa chai, huota moto, kisha hulala. Je, wote wataamka?

Sumu isiyoonekana

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Watu wengi hudhani kwamba moshi ukiisha, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu hii pia. Jiko la mafuta ya taa na injini ya petroli huitoa vilevile.

Kazi moja ya damu ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini. Lakini sumu hii hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni. Mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Usidanganyike na dalili

Kichwa huuma. Mtu huona kizunguzungu na kichefuchefu. Miguu hulegea. Wenzake husema, "Amelewa bahari, mwacheni alale." Kumbe wanamwacha ndani ya sumu! Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa pamoja karibu na jiko, msiseme ni bahari. Tokeni nje wote. Fungueni turubai upepo upite.

Namna ya kuweka jiko

1. Tengenezeni sanduku, mlijaze mchanga mkavu. Jiko likae juu ya mchanga, lisiguse mbao.

2. Lifungeni jiko kwa waya, lisianguke chombo kikiyumba. Sufuria nayo izuiwe isimwagike.

3. Liwekeni mahali pa wazi, mbali na tanga, kamba na nyavu.

4. Liwe mbali sana na petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kukaa ngamani. Cheche moja yatosha kuulipua. Jiko likiwaka, msijaze mafuta kwenye injini.

5. Wekeni karibu ndoo ya mchanga na gunia lililoloweshwa maji. Mafuta yakishika moto, msimwagie maji. Yatasambaa pamoja na moto.

6. Kama chombo kina chumba na mnataka jiko la kutia joto, jiko hilo lazima liwe la kufungwa, lenye bomba la kutoa moshi nje, juu ya paa. Bomba lisiguse mbao. Chumba kiwe pia na tundu la kuingiza hewa safi, lisizibwe hata kukiwa na baridi. Jiko la mkaa lisilo na bomba lisiingizwe chumbani kamwe.

7. Kabla ya kulala, zimeni moto kabisa. Ota moto ukiwa macho. Ukilala, jifunike blanketi kavu.

Mtu akizimia

Kwanza fungueni turubai au mlango hewa ipite. Mtoeni haraka hadi kwenye upepo. Msikae humo ndani, msije nanyi mkazimia. Akiwa anapumua, mlazeni ubavu. Asipopumua, anayejua kumpulizia pumzi kinywani na kumkandamiza kifua aanze mara moja. Msimpe maziwa wala kinywaji chochote, atapaliwa. Elekezeni chombo pwani, mgonjwa apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Aende hata kama amezinduka na anasema amepona, kwa maana madhara yanaweza kujitokeza baadaye.

Ndugu msomaji, nyumbani nako hatari ni ile ile. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mweleze na jirani asiyejua kusoma.

Jadilianeni darasani

1. Kwa nini makaa yasiyo na moshi ni hatari?
2. Katika vyombo vya kijiji chetu, jiko huwekwa wapi? Tubadili nini?
3. Mwenzako akisema amelewa bahari, utatazama nini kwanza?