Reli Nyepesi au Reli Nzito: Misingi ya Uchaguzi kwa Usafiri wa Mjini Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Treni za abiria za mjini zilianza mwezi Oktoba 2012 katika njia mbili: Reli ya Kati, kati ya Stesheni na Ubungo, na TAZARA, kati ya stesheni kuu ya TAZARA na Mwakanga. Wananchi waliziita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo. Upanuzi wa huduma hii unaibua swali: je, jiji lihitaji reli nyepesi au reli nzito? Makala haya yanafafanua misingi ya kulijibu swali hilo.

2.0 Maana ya "uzito"

Istilahi hizi huweza kupotosha, kwani hazirejelei uzito wa vyuma vya reli. Reli nyepesi hutumia treni fupi za umeme zinazoweza kupinda kona kali, kupita barabarani pamoja na magari, na kusimama kila baada ya mita 500 hadi 1,000. Reli nzito ya mjini hutumia treni ndefu katika njia isiyokatizwa na barabara. Treni huongozwa na mfumo wa ishara, na vituo vyake huwa mbalimbali zaidi. Kwa hiyo, tofauti ya msingi ni kiwango cha kutengwa kwa njia. Njia iliyotengwa kikamilifu huruhusu treni kufuatana kwa karibu, na hapo ndipo uwezo wa kubeba abiria hupatikana.

3.0 Hali ya Dar es Salaam

Kwa aina ya mabehewa, treni ya mjini ni nzito. Kwa uwezo wake, si nzito. Chukulia treni yenye mabehewa sita, kila moja likibeba watu 150. Ikipita kila baada ya nusu saa, hubeba watu 1,800 kwa saa kwa upande mmoja. Ikipita kila baada ya dakika tano, hubeba 10,800. Mabehewa ni yaleyale. Kilichobadilika ni mfuatano wa safari.

Vikwazo vya mfuatano huo ni vitatu. Kwanza, reli hizo ni za njia moja, hivyo treni hulazimika kusubiriana. Pili, Reli ya Kati hukatiza barabara katika maeneo kama Buguruni na Tabata. Hata njia ya pili ikijengwa, treni 24 kwa saa kwa pande zote mbili, kila moja ikifunga barabara kwa dakika moja na nusu, zingeifunga kwa dakika 36 katika kila saa. Tatu, Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA milimita 1,067. Treni ya njia moja haiwezi kuingia nyingine.

Reli ya kisasa ya milimita 1,435, iliyoanza safari mwaka 2024, haijaziba pengo hilo. Kituo kinachofuata baada ya Dar es Salaam ni Pugu. Wakazi wa Buguruni na Vingunguti huiona ikipita tu.

4.0 Funzo la Addis Ababa

Addis Ababa ilichagua reli nyepesi, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa gharama ya takriban dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Miaka michache baadaye, treni nyingi kati ya 41 zilisimama kwa kukosa vipuri. Aidha, sehemu zilizojengwa usawa wa barabara zimezungushiwa uzio, na watembea kwa miguu hulazimika kuzunguka ili kuvuka. Unafuu wa ujenzi, basi, haukuondoa gharama ya matengenezo wala ya utenganishaji.

5.0 Hitimisho

Katika ukanda wa Pugu, ambako hifadhi ya reli ipo tayari, hoja ya reli nzito ina nguvu zaidi, mradi fedha za mwanzo zielekezwe kwenye njia ya pili na madaraja ya kuvukia kabla ya ununuzi wa mabehewa mapya. Reli nyepesi ingefaa katikati ya jiji, lakini huko ingegombea nafasi na mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016. Uhalali wake utategemea kuzidiwa kwa mabasi hayo. Kwa mkazi wa Gongo la Mboto anayewahi kazini, jina la reli si hoja. Hoja ni dakika atakazosubiri kituoni.