Je, dawa ya pumu humpumbaza mtoto?

Mzazi, kama ulikaa Jabe, Bujumbura, unaujua moshi wa makaa uani na kikohozi cha mtoto usiku. Hapa kambini moshi ni wa kuni, lakini hofu ni ileile: kwamba dawa ya pumu humharibu mtoto akili. Haiharibu. Mwaka 1992 watafiti wa Iowa, Marekani, walilinganisha watoto wenye pumu na ndugu zao wasio nayo. Hata waliotumia theofilini hawakuachwa nyuma katika masomo.

Ni kweli, salbutamoli yaweza kutetemesha mikono na kuupigisha moyo mbio kwa muda mfupi, na mwandiko ukaharibika kidogo. Vidonge vya aminofilini huweza kumkosesha usingizi. Mweleze muuguzi, usivikatishe mwenyewe. Vya predinisoloni humfanya mtoto mwingine kuwa na hasira siku anazovimeza.

Kinachomrudisha nyuma ni pumu isiyotibiwa: hakulala, au hakufika shuleni kabisa. Usimnyime dawa yake ya kuvuta siku ya mtihani. Mwambie mwalimu. Na akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, mlete zahanati.