Sinema na Maisha ya Watu Kama Yalivyo

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza namna ya sanaa iitwayo uhalisia wa kijamii. Maana yake ni kuonyesha maisha ya watu wa kawaida, kazi zao na dhiki zao, pamoja na sababu za dhiki zile. Hilo la sababu ndilo gumu.

Tangu 1935 hata 1937 zilitengenezwa picha za sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilikuwa fupi, kama 35 hivi, juu ya safura, akiba ya Posta, mmomonyoko wa udongo na mengineyo, zikachukuliwa kwa motakaa kuonyeshwa watu. Waliocheza wengi walikuwa wenyeji, si wachezaji wa kazi. Basi, huo si uhalisia? Sisi hatudhani hivyo. Baadhi zilisimulia tu habari za mwenye kufuata shauri akafanikiwa, na mwenye kulipuuza akapata hasara. Kwa nini alilipuuza, hakuulizwa.

Natutazame Uluguru. Baada ya vita vya 1939 hata 1945, Waluguru waliamriwa kukata matuta ya ngazi miteremkoni ili mvua isichukue udongo. Udongo kweli ulikuwa ukishuka, wala hatukanushi. Walakini udongo wenye rutuba huko ni tabaka jembamba; mwenye kukata ngazi huufukia, akafunua ule wa chini usio na nguvu, na mimea ikadhoofu. Kazi yenyewe ilikuwa nzito mno. Tena ardhi ilikuwa ya ukoo wa upande wa mama. Aliyelima kwa kuazima angeupasua mlima kwa faida ya nani? Mwaka 1955 pakatokea ghasia Matombo, na mpango ukaachwa.

Mwenye kutengeneza picha ya haki juu ya jambo hili itampasa aonyeshe jembe, siku zilizopotea na ukoo wenye shamba. Hata bwana shamba naye, maana hofu yake haikuwa ya bure.

Vittorio De Sica alifanya hivyo Italia mwaka 1948. Maskini wa Rome aliibiwa baisikeli iliyompatia kazi. Alipomfuata mwizi alimkuta naye ni fukara, na mwishowe yeye mwenyewe akajaribu kuiba. Aliyecheza alikuwa mfanyakazi wa kiwanda.

Wanafunzi watakao mfano wa Kiswahili wasome Kuli (1979) cha Shafi Adam Shafi, juu ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948.