Je, Wajua? Ngozi ya Mfu Huanza na Kijani

Je, wajua kwamba wachoraji wa kale wa Italia walipaka uso kijani kabla ya kuutia rangi ya ngozi? Mnamo mwaka 1400 hivi, mmoja wao, Cennino Cennini, alieleza katika kitabu chake, Il libro dell'arte, kwamba uso hutangulizwa udongo wa kijani, kisha waridi hupakwa juu yake. Akichorwa maiti, waridi huachwa kabisa.

Mbinu hiyo inawafaa sana wanaopaka rangi visanamu vya mizuka, mazimwi na wafu wanaotembea:

• Wekundu wa mashavu, masikio na ncha ya pua hutokana na damu. Uondoe, na uso utaonekana umekufa hata kabla ya kuongeza rangi nyingine.

• Moyo ukisimama, damu hutuama sehemu za chini za mwili na kuacha mabaka ya zambarau. Maiti aliyelala chali huyapata mgongoni. Aliyenyongwa, miguuni na mikononi.

• Ngozi nyeusi iliyokosa damu haiwi nyeupe. Hupauka kama majivu. Tia kijivu kidogo kwenye hudhurungi, kisha pausha midomo na viganja, kwani hata daktari hutazama viganja akishuku upungufu wa damu.

• Zimua rangi kwa maji na upake tabaka nyembamba, ukisubiri kila moja ikauke, ili kijani cha chini kionekane kwa mbali.

Kiumbe hutisha zaidi mwili wake unapokaribia kufanana na wetu.