Mzigo Hupimwa Nyumbani

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wiki hii tuzungumzie mzigo wako mwenyewe, ule utakaoubeba mgongoni siku utakapoamua kwenda kutembea milimani tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili.

Nasema haya kwa sababu nimewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita tulitoka Lushoto watu watatu, mimi, rafiki yangu na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita, tukielekea Mtae kwa miguu kupitia msitu wa Magamba. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo ndiye niliyepanga vyakula. Nilinunua mchele kilo tatu, maharage makavu kilo mbili, makopo sita ya samaki na maharage, viazi, machungwa na mikate. Yote hayo kwa ajili ya siku mbili! Mashanta yalipojaa, nikaona makoti ya mvua hayana pa kukaa. Nikayaacha.

Saa kumi alasiri mvua ikatukuta msituni. Mpwa wangu alikuwa amevaa fulana na jezi ya pamba, na mgongoni alikuwa na makopo. Kwanza alitetemeka. Baadaye maneno yakawa mazito mdomoni, akajikwaa kila hatua, kisha akaniambia, "Mjomba, nina usingizi, tupumzike hapa." Ndugu msikilizaji, ule haukuwa usingizi, ilikuwa baridi inamshinda. Tulimkokota mpaka nyumba ya kwanza tuliyoiona. Mama mwenye nyumba hakuuliza maswali. Alituingiza jikoni, akampa kijana khanga kavu na blanketi, akampikia chai yenye sukari nyingi. Makopo yangu sita yalibaki mlangoni, yakinyeshewa.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba shanta hujazwa na hofu kuliko mahitaji. Tunaogopa njaa, ambayo kwa siku mbili haiui mtu mzima mwenye afya, tunasahau baridi na maji, ambavyo vyaweza kumwangusha mtu kwa saa chache.

Basi tuanze na chakula. Usihesabu kilo, hesabu milo. Kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumapili mchana ni milo sita tu. Kwa mtu mmoja, mimi sasa hupima hivi: unga wa uji gramu 200 kwa asubuhi mbili, sukari gramu 100, mchele gramu 300 kwa usiku mbili, chapati nne zilizopikwa nyumbani kwa michana miwili, karanga za kukaanga gramu 250, tende gramu 200, na dagaa wakavu waliosafishwa kiasi cha gramu 60. Ongeza chumvi na majani ya chai. Yote haizidi sana kilo moja na nusu.

Utaona sijataja kopo hata moja. Sehemu kubwa ya uzito wa kopo la maharage ni maji na bati, na maji utayapata kijitoni bila kuyapandisha mlima. Chukua chakula kikavu. Tena chukua chenye mafuta, kwani gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga au sukari. Ndiyo maana karanga kiganjani humfikisha mtu mbali. Maharage makavu yaache nyumbani, kwa kuwa yatakula mafuta yote ya jiko lako kabla hayajaiva. Isitoshe, Usambara si jangwa. Vijijini utapata ndizi, viazi na mboga, na mkulima atafurahi kukuuzia.

Sasa vifaa. Azima mizani dukani, upime kimoja kimoja. Shanta lenyewe kilo moja na nusu. Mfuko wa kulalia kilo moja na nusu. Nguo za akiba pamoja na koti la mvua kilo moja na nusu. Fungu lako la hema, mkigawana wawili, kilo moja na nusu. Sufuria na jiko dogo mkigawana, nusu kilo. Chakula kilo moja na nusu. Maji lita mbili, ambazo ni kilo mbili. Jumla kilo 10. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 60 mzigo huo wabebeka. Ukizidi kilo 12, yaani sehemu ya tano ya uzito wake, toa kitu.

Lakini utoe nini? Toa sufuria ya pili, viatu vya akiba, redio (nasema hivi ingawa redio ndiyo kazi yangu), suruali ya tatu. Usitoe koti la mvua, sweta la sufu, tochi, kiberiti kilichofungwa ndani ya nailoni, wala maji. Kumbuka kuwa kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na Magamba hupanda kupita mita 2,000. Pamba ikilowa haitunzi joto, sufu hujitahidi. Nguo moja kavu ifunge kwenye mfuko wa nailoni, isiguswe mpaka usiku. Maji ya kijito yachemshe, yatokote dakika tatu, ndipo unywe.

Na mwenzako akianza kutetemeka na kusema kwa shida, usimwache alale njiani. Mkinge na mvua na upepo, mvue nguo mbichi, mfunike kwa kikavu, na kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari.

Mpwa wangu leo ni baba wa watoto wawili. Kila tunapopanga safari huja kwangu na mizani mkononi, na kabla hajaniamkia huuliza, "Mjomba, koti liko wapi?" Sikasiriki. Namwonyesha.