Je, Wajua? Taa ya Chini ya Bahari Hununuliwa kwa Wekundu Wake

Kamera ndogo za kuzamisha majini zimeshuka bei, na siku hizi karibu kila kikundi cha wapiga mbizi kinachoshuka Mnemba, Watamu au Mafia kina mtu wa kurekodi. Jioni video zikifunguliwa, malalamiko ni yaleyale: kila kitu kimegeuka buluu. Dawa ni taa, na taa ya bei nafuu inaweza kutosha kabisa, mradi mnunuzi ajue anatafuta nini.

Je, wajua kwamba damu huonekana ya kijani chini ya bahari?

Maji humeza rangi kwa zamu, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa. Hata katika maji safi kabisa, mwanga mwekundu hubaki kama theluthi baada ya mita 3, na kama asilimia 3 tu baada ya mita 10. Hufuata rangi ya machungwa, kisha njano. Buluu hudumu kuliko zote. Mpiga mbizi akijikata kidole kwenye kina cha mita 20 hivi, huona damu yenye rangi ya kijani iliyokoza, kwa kuwa hakuna mwanga mwekundu wa kuionyesha.

Je, wajua kwamba mwanga wa taa yako hutozwa kwenda na kurudi?

Taa hupeleka wekundu mpya kilindini, lakini maji huanza kuumeza papo hapo. Mwanga huenda hadi kwa samaki, kisha hurudi kwenye lenzi. Samaki akiwa mita 1 mbele yako, safari nzima ni mita 2, na karibu nusu ya wekundu imeshapotea. Akiwa mita 3, hubaki kama sehemu moja ya nane. Zaidi ya hayo, mwanga wenyewe hutawanyika: umbali ukizidi mara mbili, nguvu yake hushuka hadi robo. Kusogea hadi nusu mita hukuongezea mwanga mwingi bila kukugharimu hata shilingi, ila usiyaguse matumbawe.

Je, wajua kwamba taa za awali za kupigia picha majini zilitumia unga wa kulipuka?

Mwaka 1893, mwanabiolojia Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer. Mojawapo ya taa zake ilikuwa pipa la mbao lenye oksijeni, na juu yake taa ya spiriti. Unga wa magnesiamu ulipulizwa kwenye mwali ukawaka ghafla. Mwaka 1926, William Longley na Charles Martin walipiga picha za kwanza za rangi chini ya maji huko Dry Tortugas, Florida, kwa kulipua unga wa magnesiamu juu ya chelezo. Miaka 30 baadaye Jacques Cousteau na Louis Malle walishinda Palme d'Or huko Cannes kwa filamu ya Le Monde du silence, iliyorekodiwa kwa sehemu katika Bahari ya Hindi. Watazamaji wa sinema wakaona kwamba miamba ya kilindini ina nyekundu na machungwa, ikimulikwa tu.

Je, wajua kwamba taa nyeupe ya LED ni taa ya buluu iliyopakwa rangi?

LED ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyingi nyeupe hutengenezwa kwa kuifunika LED hiyo na fosfori ya njano. Macho huona weupe, lakini wekundu uliomo ni haba, hasa kwenye taa za bei ya chini. Hapo ndipo mnunuzi hukwama: bahari imekwapua wekundu, naye ananunua taa isiyo nao.

Kwenye boksi tafuta alama ya CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, ambayo kikomo chake cha juu ni 100. Inayofikia 90 ni nzuri. Ila alama hiyo ni wastani wa sampuli 8 za rangi zisizokolea. Nyekundu iliyokolea ni sampuli ya 9, huitwa R9, na haimo kwenye wastani huo. Taa inaweza kujisifu kwa CRI ya 80 huku R9 yake ikikaribia sifuri. Lumeni hupima wingi wa mwanga tu: taa ya lumeni 1,500 yenye R9 nzuri itakupa matumbawe mazuri kuliko ya lumeni 4,000 isiyo nayo.

Je, wajua kwamba betri inaweza kuumbua tangazo?

Taa nyingi ndogo hutumia betri ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Zilizo bora za saizi hiyo hubeba kama mAh 3,500. Anayekuuzia ya mAh 9,900 anakuuzia maandishi. Sasa piga hesabu: betri hiyo nzuri ina takriban wati-saa 12.6, na LED hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Kwa mbizi ya saa nzima, betri moja itakupa lumeni 1,200 hivi. Taa ya betri moja inayodai lumeni 10,000 ingehitaji wati 100, na hata betri ingemudu, ingekwisha kabla ya dakika 8.

Je, wajua kwamba mwale wa nyuzi 120 dukani ni kama wa 80 baharini?

Tochi ya kutafutia pweza mwambani ina mwale mwembamba, nayo kwenye video huacha doa jeupe katikati ya giza. Video hutaka mwanga mpana. Lakini mwanga unaotoka kwenye kioo bapa kuingia majini hujikunja kuelekea ndani, hivyo mwale wa nyuzi 120 hubanwa hadi nyuzi 80 hivi. Kioo cha mbele kilichobinuka kama kuba huuhifadhi upana wake.

Je, wajua kwamba mahali pa taa huweza kuharibu video?

Dereva aliyepita Limuru asubuhi ya ukungu anajua kinachotokea akiwasha taa kubwa. Majini ukungu huo ni mchanga na viumbe vidogo vinavyoelea, na huzidi msimu wa masika. Taa iliyokaa juu ya lenzi huvimulika vyote vilivyo mbele yake. Taa mbili za kiasi, kila moja kwenye mkono wake kulia na kushoto, zikielekezwa nje kidogo ili kingo za miale zikutane kwa samaki, hushinda taa moja kubwa.

Je, wajua kwamba chujio jekundu na taa havipatani?

Chujio linalovishwa kwenye lenzi hufanya kazi na mwanga wa jua, kwenye maji yasiyo na kina kirefu. Ukiwasha taa bila kulivua, samaki wa karibu atageuka mwekundu kupita kiasi. Jua la mchana nalo ni mpinzani mkali: juu ya bahari hufikia kama laksi 100,000, ilhali taa ya lumeni 2,000 yenye mwale mpana hutoa kama 640 kwa umbali wa mita 1. Taa itumie pangoni, chini ya kingo za matumbawe, kilindini na usiku.

Je, wajua kwamba usiku taa huandaa karamu?

Wavuvi wa dagaa, kuanzia Kigoma hadi Zanzibar, huvua kwa karabai au taa za LED usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Huko Kona, Hawaii, wapiga mbizi huwasha taa, planktoni hujikusanya, na samaki wakubwa aina ya manta huja kula. Ukitaka usiwasumbue samaki, tumia mwanga mwekundu kulenga kamera: wengi wao hawauoni vizuri.

Je, wajua kwamba unywele mmoja unaweza kuua taa?

Kwenye mita 30, taa hubeba kanieneo mara 4 ya ile ya juu ya maji. Kinachozuia maji ni mpira mwembamba wa duara, oringi. Unywele au punje ya mchanga juu yake hufungua njia. Uoshe kwa maji baridi, ukague, uupake grisi ya silikoni kidogo. Alama ya kuzuia maji ya IPX8 pekee haitoshi. Dai kina kwa mita. Taa yenye nguvu usiiache ikiwaka nchi kavu, maana hupozwa na maji. Na ukisafiri kwa ndege, betri za akiba ziende nawe ndani, ncha zake zimefunikwa.

Kwa muuzaji, basi, maswali ni matatu: R9 ni ngapi, betri ina wati-saa ngapi, na inashuka mita ngapi? Asiyeweza kujibu hata moja, lumeni zake usizihesabu.