Nesi mmoja, watoto ishirini: mshahara wake unamhusu vipi mtoto wako?

Mtoto wako amezaliwa kabla ya siku zake, ana kilo moja na gramu mia tatu, na umeambiwa atalazwa katika chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga. Daktari utamwona asubuhi anapopita kuwakagua watoto, pengine na jioni. Saa zote zilizobaki, na usiku kucha, mtoto yuko mikononi mwa muuguzi. Muuguzi ndiye anayemwekea mpira wa kulishia, anayempima joto na sukari, anayechoma dawa kwa saa zake. Ndiye pia anayeona kwamba kifua kimeacha kupanda na kushuka, akamsugua mgongo au nyayo mpaka apumue tena. Watoto njiti husahau kupumua. Asipokuwepo mtu wa kuona, hakuna mashine inayoweza kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo wiki hii nakuomba tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona ni la vyama vya wafanyakazi na serikali tu: muuguzi huyo ni nani, wako wangapi kwenye zamu, na wanalipwaje. Linakuhusu wewe mzazi kuliko unavyodhani.

Anza na hesabu ya nchi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wamepungua hadi 43. Ni hatua kubwa. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria vimefanya kazi yake. Lakini tazama waliofariki ndani ya siku 28 za kwanza: walikuwa 25, wakawa 24. Karibu hapajasogea. Maana yake zaidi ya nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano sasa vinatokea katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au maambukizi. Lengo la dunia ni kufika 12 au chini ya hapo ifikapo 2030.

Mtoto wa mwaka mmoja unaweza kumkinga kwa chandarua na sindano ya chanjo. Mtoto wa siku mbili mwenye kilo moja na nusu anahitaji mtu wa kumwangalia saa baada ya saa. Hapo ndipo tulipokwama.

Hesabu ya maziwa

Tuseme wodini kuna watoto ishirini na muuguzi mmoja. Kila mtoto anatakiwa kulishwa kila baada ya saa tatu. Kumlisha mtoto njiti kwa mpira si kumimina tu: unahakiki kwanza kwamba mpira uko tumboni na si kwenye mapafu, unapima maziwa, unayaacha yashuke taratibu, unaangalia kama anacheua, kisha unaandika. Tumpe dakika kumi kwa mtoto, na hapo nimemwonea huruma. Dakika kumi mara ishirini ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini. Hajamfikia mtoto wa mwisho, na wa kwanza ameshafikia saa yake ya kula tena. Na bado hajachoma dawa, hajapima joto, hajabadilisha nepi, hajampokea mtoto mpya anayeletwa mbio kutoka chumba cha kujifungulia.

Wataalamu wa watoto wachanga nchini Uingereza wamejiwekea viwango: muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja aliye mahututi, mmoja kwa wawili walio katika hali ya kati, na mmoja kwa wanne wanaohitaji uangalizi wa kawaida tu. Huko nako hospitali nyingine hushindwa kuvifikia. Kwetu Afrika Mashariki, muuguzi mmoja kubaki na watoto kumi na tano au zaidi si habari ya kushangaza kwa yeyote aliyelaza mtoto hospitali ya umma.

Majirani zetu wa Kenya wamelipima jambo hili. Watafiti walikaa katika wodi za watoto wachanga za Nairobi wakiandika kila kazi iliyofanyika na iliyoachwa kwa kila mtoto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kadiri idadi ya watoto kwa muuguzi mmoja ilivyopanda, ndivyo kazi zilizoachwa zilivyoongezeka. Ukisimama pale na kuona sista anapita mbele ya kitanda cha mwanao bila hata kugeuza shingo, usikimbilie kusema ana roho mbaya. Huenda anachagua nani aachwe kwa sasa, na uchaguzi huo hakuna mtu angependa kuufanya.

Ni akina nani hawa

Neno “sista” limetuzoesha kuona sura ya mwanamke, na kwa dunia nzima ni kweli. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba dunia ina wauguzi milioni 29.8 na asilimia 85 kati yao ni wanawake. Afrika ni tofauti kidogo. Uchambuzi wa shirika hilo wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa katika bara letu karibu wauguzi 35 katika kila 100 ni wanaume. Kwa hiyo usishtuke ukikuta anayekufundisha kumfunga mtoto kifuani ni kaka wa miaka ishirini na sita. Najua baadhi ya akina mama huona haya, hasa suala la kukamua maziwa linapoanza. Mwambie tu, atakupangia mwenzake wa kike kama yupo. Ila kama hayupo, ujuzi wake ni ule ule.

Muuguzi wa kike anayekesha na mwanao naye mara nyingi ni mama. Amemwacha wake kwa dada wa kazi au kwa bibi, na asubuhi akitoka zamu anapanda daladala kwenda kuanza zamu ya nyumbani. Mwaka 2022 WHO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walitoa ripoti iliyolinganisha mishahara ya wanaume na wanawake katika sekta ya afya na huduma. Baada ya kuzingatia umri, elimu na saa za kazi, wanawake walikuwa wanapata pungufu kwa asilimia 24. Ripoti ilisema sehemu kubwa ya tofauti hiyo haielezeki kwa sifa za wafanyakazi wenyewe. Mimi nadhani tunajua sababu mojawapo. Kulea mtoto tumekuona ni kipaji anachozaliwa nacho mwanamke, na kipaji hakilipiwi kama utaalamu. Lakini kumwekea kanula mtoto mwenye mshipa mwembamba kama uzi hakuna aliyezaliwa anakujua.

Serikali inalipa cheti, hailipi wodi

Katika utumishi wa umma hapa nchini, ngazi ya mshahara ya mtumishi wa afya hutajwa kwa herufi. Muuguzi mwenye cheti, aliyesoma miaka miwili, huanzia TGHS A. Mwenye stashahada, miaka mitatu, huanzia TGHS B. Mwenye shahada, miaka minne na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, huanzia TGHS C. Baada ya hapo hupanda kwa madaraja kadiri miaka inavyokwenda, mpaka anapostaafu, kwa lazima akiwa na miaka 60.

Umeona kinachokosekana hapo? Wodi haimo. Muuguzi wa stashahada aliyekaa miaka minane na watoto njiti, anayesikia kilio na kujua hiki ni cha njaa na hiki ni cha ugonjwa, na mwenzake wa daraja hilo hilo anayefanya kazi kliniki ya nje mchana tu, wako kwenye ngazi moja. Simdharau wa kliniki. Nasema tu kwamba hakuna kinachomshawishi wa kwanza abaki.

Na mara nyingi hata akitaka kubaki, habaki. Hospitali nyingi zina utaratibu wa kuwazungusha wauguzi kutoka wodi moja hadi nyingine. Leo yuko kwa watoto wachanga, baada ya miezi kadhaa anapelekwa wodi ya upasuaji ya watu wazima, na anayeletwa badala yake anaanza upya kujifunza mashine inayosukuma hewa puani kwa mtoto. Utaratibu huo una faida zake, unamfanya muuguzi ajue kila kitu kidogo kidogo. Kwa mtoto wa kilo moja, kujua kidogo kidogo hakutoshi.

Uingereza wana njia yao. Muuguzi mpya huanza katika daraja la 5, ambalo mwaka wa fedha 2024/25 lilianzia pauni 29,970 kwa mwaka. Akisomea watoto wachanga na kupata sifa hiyo maalumu, mara nyingi anaweza kuomba nafasi ya daraja la 6, lililoanzia pauni 37,338. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya aone kwamba wodi ile ni mahali pa kujenga maisha. Hatuna pauni hizo, lakini wazo lenyewe halihitaji pauni: tambua utaalamu, uwekee ngazi, usimhamishe aliyeupata.

Pauni hizo zina upande wa pili. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi wake huko. Siwalaumu wanaoondoka. Wakenya wanakumbuka mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu kuanzia Juni hadi Novemba, takribani miezi mitano, kwa sababu ya makubaliano ya malipo. Waliolipia zaidi mgomo ule ni wajawazito na watoto wa watu wasio na uwezo wa hospitali binafsi.

Hapa kwetu jambo linalouma ni kwamba vijana waliomaliza vyuo vya uuguzi wapo mtaani wakisubiri kibali cha ajira, wengine wakijitolea kwa nauli tu, huku wodi zikilia upungufu. Katika miaka ya karibuni vyumba vya watoto wachanga vimeongezeka sana nchini, na hilo ni jema. Lakini jengo linaisha kwa miezi na mashine inafika kwa meli, wakati mtu wa kukaa nayo usiku anahitaji kuajiriwa, kufundishwa na kubakizwa.

Wewe ufanye nini ukiwa pale

La kwanza, kaa na mtoto wako. Utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12. Waliosubiri kwanza hali itulie, vilikuwa asilimia 15.7. Utafiti ukasitishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Mama aliye na mtoto kifuani hulinda joto lake, humnyonyesha na huona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba pia anaweza kumbeba hivyo, na bibi. Ukiambiwa subiri nje, uliza kwa upole: “Sista, naruhusiwa kumweka kifuani lini?”

Omba ufundishwe kukamua maziwa, kumlisha kwa kikombe na kunawa mikono jinsi inavyotakiwa pale. Lakini kuna mipaka. Usiguse dripu, usipandishe wala kushusha oksijeni, usimimine maziwa kwenye mpira kama hujafundishwa na kuruhusiwa, hata kama saa ya kula imepita na nesi haonekani. Mwite. Maziwa yakiingia kwenye mapafu ni hatari kubwa.

Ukiona mtoto ameacha kupumua, amebadilika rangi midomoni, anatetemeka mwili kwa kustuka-stuka, amekuwa baridi au amelegea, usingoje zamu yako ya kuhudumiwa. Paza sauti. Hakuna muuguzi atakayekulaumu kwa hilo, na akikulaumu, acha akulaumu.

Maswali marefu yaweke kando wakati wa kukabidhiana zamu, kwa sababu ndipo anayeondoka anamweleza anayeingia habari za kila mtoto, na ukiwakatiza huenda habari ya mwanao ndiyo ikasahaulika. Subiri kama nusu saa. Uliza basi: uzito wa leo ni ngapi, anakula mililita ngapi, dawa gani imebaki, na usiku huu mko wangapi. Swali la mwisho si la uchokozi. Ukijua ni mmoja, utajua pia kwamba wewe na mama wa kitanda cha jirani mna kazi ya kuangaliana watoto.

Kama hukutendewa haki, kutukanwa kwa mfano, au kuombwa chochote cha mfukoni ili mtoto ahudumiwe, usinyamaze eti kwa sababu wauguzi ni wachache. Mwone kwanza muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Mambo ya maadili hupelekwa pia Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sera ya nchi inawasamehe gharama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Ukitakiwa kulipia kitu, uliza ni cha nini, lipa dirishani na si mkononi mwa mtu, na stakabadhi uitunze hadi siku ya kuruhusiwa.